Nani Ameshika Kalamu ya Njia? Uluguru, Hongo na Sera za Ruta

Anayeitazama ramani ya nchi yetu hachelewi kuona kwa nini mji wa Morogoro umekaa mahali ulipo. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600, imesimama kati ya pwani na bara mfano wa ukuta, na msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda magharibi hulazimika kuuzunguka ukuta huo. Reli ya Kati inapita kaskazini yake. Barabara kuu inapita huko huko, na ifikapo Msamvu hugawanyika, mkono mmoja ukaelekea Dodoma na mwingine Iringa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao umefuata upande huo huo. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba njia zimeamuliwa na jiografia, na kwamba binadamu alichofanya ni kutii tu.

Hoja ya makala hii ni tofauti. Jiografia hutoa uwezekano, lakini kauli ya mwisho hutolewa na sera, yaani makubaliano na amri zinazoeleza nani apite wapi, kwa malipo gani na kwa idhini ya nani. Ndivyo ilivyokuwa kwa misafara ya karne ya 19, na ndivyo ilivyo leo kwa pakiti za data zinazopita katika vifaa viitwavyo ruta. Mimi si mhandisi. Naliandikia jambo hili kama mwanafunzi wa historia ya utawala, kwa kuwa naona sera moja muhimu ya zama zetu inaandikwa, inahaririwa na kufutwa kila siku katika ofisi zetu za umma bila faili, bila sahihi na bila mjadala.

Njia mbili za mlima mmoja

Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani kwenda bara wakaizunguka Uluguru kwa upande wa kusini, wakapita Zungomero katika nchi ya Wakutu, mahali palipokuwa kituo kikubwa cha misafara. Miaka 14 baadaye, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo akaizunguka milima hiyo hiyo kwa upande wa kaskazini. Alipita kwenye mji wenye ngome ulioasisiwa na Kisabengo, kiongozi wa asili ya Kizigua, ambao wakati huo ulitawaliwa na binti yake, Simbamwene. Mji huo ndio chimbuko la Morogoro tunayoijua.

Mlima haukusogea katika miaka hiyo 14. Kiongozi wa msafara aliichagua njia kwa kupima mambo mengi kwa pamoja: upatikanaji wa chakula na maji, mafuriko ya masika, vita vilivyosikika mbele, na hongo. Neno hongo leo lina maana ya rushwa, lakini katika zama za misafara lilikuwa malipo yanayofahamika, aliyodaiwa mpita njia na mwenye nchi ili apewe ruhusa, maji na usalama. Stanley mwenyewe aliandika kwamba wajumbe wa mtawala wa Simbamwene walimfuata kumdai hongo. Kwa hiyo njia iliyo fupi kwa hatua ingeweza kuwa ndefu kwa gharama, na njia ya kuzunguka ingeweza kuwa nafuu. Mzee wa msafara aliyeyajua makubaliano ya kila kijiji alikuwa na thamani kuliko mtu mwenye dira.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Uamuzi ambao zamani ulibadilika kwa msimu sasa ulifungwa kwa chuma. Morogoro ikapata stesheni, Zungomero haikupata, na historia ya sehemu hizo mbili ikaachana hapo. Hilo ni jambo la kwanza la kushika. Sera ya njia ikishaandikwa kwenye kitu kigumu, watu huisahau kwamba ni sera. Huiona kama maumbile.

Kilichoandikwa ndani ya ruta

Intaneti si waya mmoja mrefu. Ni muungano wa mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea, kila mmoja ukiwa na namba yake na mafungu yake ya anwani. Kampuni ya simu ni mtandao mmoja, na chuo kikuu kinaweza kuwa mtandao mwingine. Mitandao hiyo huelezana njia kwa kutangaziana: huyu humwambia jirani yake, "anwani hizi ziko kwangu, na hizi nyingine unaweza kuzifikia kwa kupitia kwangu." Itifaki inayotumika kutangaziana hivyo huitwa BGP. Ilibuniwa mwaka 1989 na wahandisi wawili, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, ambao walichora wazo lake kwenye karatasi za kujifutia mikono walipokuwa wakila chakula wakati wa mkutano huko Austin, Texas. Toleo lake la nne, la katikati ya miaka ya 1990, ndilo linaloiendesha dunia hadi leo.

Sasa mwanafunzi wa siasa na asikilize kwa makini. Ruta ikipokea matangazo mawili yanayohusu mahali pamoja, haiulizi ni njia ipi iliyo fupi kwa kilomita. Tangazo linalotaja fungu dogo na mahususi zaidi la anwani hulishinda lile linalotaja fungu kubwa. Yakiwa sawa kwa hilo, ruta hutazama alama ya upendeleo iliyowekwa na mwenye mtandao mwenyewe, ambayo katika vifaa vingi huanzia 100, na yenye alama kubwa hushinda. Ni baada ya hapo tu ndipo huhesabu njia inapita mitandao mingapi. Maana yake ni kwamba utashi wa mwenye mtandao hutangulia urefu wa njia. Pakiti hupelekwa kwanza kunakopendelewa, na upendeleo hufuata mkataba.

Upendeleo huo huandikwa kama kanuni zinazofuatana, na lugha yake ikitafsiriwa husomeka hivi: ikiwa tangazo limetoka kwa jirani fulani, na anwani zake zimo katika orodha hii, likubaliwe na lipewe alama 200, vinginevyo likataliwe. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na kwa kawaida ya kwanza inayolingana na tangazo ndiyo inayoamua. Kwa hiyo kanuni njema ikiwekwa chini ya kanuni pana haitafikiwa kamwe. Katika mifumo mingi ipo pia kanuni ya mwisho isiyoandikwa, inayokataa kila ambacho hakikutajwa. Wanasheria watautambua mtindo huu, kwa kuwa mpangilio wa vifungu na ukimya wa sheria huwa na uzito sawa na maneno yenyewe.

Kuzihariri kanuni hizi kuna hatari zake. Katika baadhi ya ruta, mstari huanza kufanya kazi papo hapo mhandisi anapobonyeza kitufe. Katika nyingine huandikwa kwanza kama rasimu, hukaguliwa, kisha huidhinishwa wote kwa pamoja. Na inawezekana kuiamuru ruta ijirudishe yenyewe katika hali ya zamani iwapo mhandisi hatathibitisha ndani ya dakika chache. Tahadhari hiyo ina sababu. Mhandisi aliyeketi Dar es Salaam akihariri ruta iliyoko Morogoro huifikia kwa njia ile ile anayoihariri. Akikosea mstari mmoja, anakata tawi alilokalia, na itabidi mtu apande gari kwenda kurekebisha kwa mkono, mwendo wa takriban kilomita 200.

Kutoka Morogoro kwenda Dar kwa kupitia angani

Kabla ya mikongo ya baharini, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti. Setilaiti za mawasiliano zilizotumika hukaa juu ya ikweta kwa takriban kilomita 36,000. Chukulia ofisi mbili ndani ya Tanzania, moja Morogoro na nyingine Dar es Salaam, kila moja ikiwa mteja wa kampuni yake, na kampuni hizo mbili hazina makubaliano ya kukutana nchini. Barua pepe ya Morogoro ilipanda angani na kushuka Ulaya au Marekani, kilomita 72,000. Huko ikakutana na mtandao wa muuzaji wa kampuni ya pili, ikapanda tena na kushuka Dar es Salaam, kilomita nyingine 72,000. Jibu nalo lilirudi hivyo hivyo. Jumla ni kilomita 288,000, robo tatu ya umbali wa kutoka duniani hadi mwezini, kwa maneno ya majirani wawili. Na kila hatua ya angani ililipiwa kwa dola.

Nani aliyeamua hivyo? Mlima haukuhusika, wala umaskini wa waya pekee hautoshi kueleza, kwa sababu kampuni hizo aghalabu zilikuwa na ofisi katika mji mmoja. Kilichokosekana ni makubaliano, na mstari mmoja katika kila ruta unaosema: matangazo ya jirani huyu wa hapa nyumbani yapewe alama ya juu kuliko ya muuzaji wa ng'ambo.

Historia ya majirani zetu inaonyesha jinsi mstari huo ulivyokuwa wa kisiasa. Mwezi Novemba mwaka 2000 watoa huduma za intaneti nchini Kenya walifungua kituo chao cha kubadilishana data Nairobi, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, ililalamika, na tume iliyosimamia mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe kwa hoja ya leseni. Kiliruhusiwa kufunguliwa tena Februari 2002. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, kinatosha kwenye kabati. Kilichopiganiwa kilikuwa haki ya Mkenya kumtumia Mkenya mwenzake data bila kulipa hongo ya ng'ambo. Kwetu, watoa huduma kupitia umoja wao, TISPA, walianzisha kituo cha Dar es Salaam, TIX, katika miaka hiyo hiyo ambayo sheria ya mwaka 2003 iliiunda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Baadaye Arusha nayo ikapata kituo chake.

Lakini kujenga kituo ni nusu ya kazi. Mwanachama anaweza kuunganisha waya wake kituoni, akahudhuria sherehe ya uzinduzi na kupiga picha, huku ruta yake ikiendelea kuipendelea njia ya ng'ambo kwa sababu ya alama iliyoandikwa miaka ya setilaiti na ambayo hakuna aliyekwenda kuihariri. Njia mpya imefunguliwa, ila amri ya zamani bado inatawala. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mbachao wetu umetandikwa na hakuna anayeukalia.

Bahari ikikatika

Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na kuzinduliwa Julai 2009, na EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Serikali nayo ilikuwa ikijenga Mkongo wa Taifa, chini ya usimamizi wa TTCL, na Morogoro ikawa tena kile ilichokuwa wakati wa misafara na reli: lango la bara. Vyuo vyetu, Sokoine kilichoko chini ya milima na Mzumbe kilichoko kwenye barabara ya Iringa, vikaingia katika zama za faiba.

Hata hivyo sheria ya msingi haikubadilika. Data inayotoka Sokoine kwenda Mzumbe, mwendo ambao gari huumaliza mapema tu, haina wajibu wowote wa kubaki Morogoro. Itakwenda kukutana mahali ambapo mitandao ya vyuo hivyo, au ya wauzaji wao, imekubaliana kukutana. Wakikubaliana Dar es Salaam, itakwenda Dar es Salaam na kurudi. Wasipokubaliana popote nchini, itavuka bahari.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja kuelekea kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma zake nyingi kwa siku mbili. Mjadala wetu wa hadharani ulihusu waya: tunao mingapi, tuongeze mingapi. Ni mjadala halali, lakini haukamiliki. Mikongo miwili ya kampuni mbili inayofuata upande mmoja wa bahari inaweza kukatika kama mkongo mmoja. Tena, njia mbadala iliyoandikwa kwenye mkataba na haikuandikwa kwenye sera ya ruta haipo. Ili dharura ipite, lazima anwani zako ziwe zimetangazwa upande wa pili tangu zamani, vichujio vya jirani viwe vimeziruhusu, na ujazo wa njia ya akiba uwe unatosha. Mambo hayo hayaandikwi usiku wa mkasa.

Siku kama ile huonyesha pia thamani ya makutano ya nyumbani. Tovuti ya taasisi inayohifadhiwa nchini, na ambayo jina lake linaweza kutafutwa nchini, hufikika hata bahari ikiwa imekatika, mradi sera za ruta zinaielekeza data ibaki nyumbani. Tovuti iliyopangishwa ng'ambo ili kumhudumia mwananchi wa Kilosa haifikiki, hata kama mwananchi huyo na afisa wake wako kata moja.

Mstari mmoja unavyotikisa nchi

Kwa wanaoona kwamba natia chumvi, mifano mitatu ya dunia inatosha. Tarehe 24 Februari 2008, baada ya serikali ya Pakistan kuamuru YouTube ifungwe nchini humo, shirika la Pakistan Telecom liliandika katika ruta zake kanuni ya kuipeleka data ya YouTube shimoni. Kanuni ilipaswa kuishia ndani ya nchi. Badala yake ikatangazwa nje kwa muuzaji wake wa Hong Kong, PCCW, naye akaipokea na kuieneza bila kuihakiki. Kwa kuwa fungu la anwani lililotajwa lilikuwa dogo kuliko lile lililotangazwa na YouTube yenyewe, ruta za dunia ziliipendelea njia ya Pakistan, na kwa takriban saa mbili YouTube ikatoweka kwa watu wengi duniani. Amri ya ndani ya taifa moja iligeuka kuwa sheria ya mataifa mengine.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011, vuguvugu la Misri likiwa limepamba moto, watoa huduma wa nchi hiyo waliondoa takriban njia 3,500 kwenye matangazo yao, na karibu taifa zima likapotea kwenye ramani ya intaneti. Hakuna waya uliokatwa. Yaliondolewa matangazo tu.

Na tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ndani ya kampuni ya Facebook iliuangusha mtandao wake wa ndani, ruta zake zikaacha kutangaza anwani zinazotafsiri majina yake, na Facebook, Instagram na WhatsApp zikazimika kwa takriban saa sita. Wafanyabiashara wetu wanaopokea oda kwa WhatsApp walilipa gharama ya mstari ambao hawakuuandika na wasingeweza kuusoma.

Sisi wenyewe tuliishi kizuizi cha mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020. Mbinu za kiufundi za kuzuia ni nyingi, na si zote hutumia ruta kwa namna niliyoieleza. Lakini swali la kiraia ni lile lile: amri ya kuzuia iliandikwa na nani, kwa kifungu kipi cha sheria, kuanzia lini hadi lini? Wanaharakati wafahamu kwamba matangazo ya njia ni ya hadharani. Mradi wa Chuo Kikuu cha Oregon uitwao RouteViews huyakusanya na kuyahifadhi, na njia za nchi zikitoweka dunia huona saa na dakika. Kisichoonekana ni sera yenyewe, yaani sababu na sahihi iliyo nyuma ya tangazo.

Somo la matuta ya Uluguru

Milima hii ina kumbukumbu ya sera ya kitaalamu iliyoandikwa mbali na watu wake. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi lake lilikuwa na mantiki, kwani Mto Ruvu unaanzia huku na udongo ulikuwa ukipotea. Lakini matuta yalidai kazi nyingi, mahali pengi yaliufunua udongo wa chini usio na rutuba, na hakuna aliyewauliza wakulima waliozifahamu mteremko kwa mteremko. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka huko Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa.

Naukumbusha mkasa huo kwa sababu utetezi wa wakoloni ulikuwa kwamba jambo lile ni la kitaalamu, haliwahusu wanasiasa wala wanakijiji. Utetezi huo nausikia leo katika vikao vya TEHAMA. Katika taasisi moja ya umma nilionyeshwa nakala ya mipangilio ya ruta yao kuu, na ndani yake palikuwa na kanuni iliyowekewa maelezo ya neno moja: "muda". Haikuwa na tarehe. Mkandarasi aliyeiandika alikwisha kuondoka, hakuna faili lililotaja ombi lake, na wahandisi vijana waliopo hawathubutu kuifuta kwa kuogopa kitakachoanguka. Katika taasisi hiyo hiyo, dokezo la kununua karatasi lina namba ya jalada, tarehe na sahihi tatu.

Hapo ndipo ilipo hitilafu ya utawala, na tiba yake haihitaji fedha za wafadhili. Sera ya ruta ya taasisi ya umma ihifadhiwe kama waraka mwingine wowote: kila badiliko liandikwe nani ameliomba, nani ameliandika, nani amelikagua, kwa nini, na litakoma lini. Asiwepo mtu mmoja anayeandika na kuidhinisha mwenyewe, kama vile mhasibu mmoja asivyoandika hundi na kuisaini peke yake. Taasisi kubwa zimiliki namba na anwani zao wenyewe kutoka AFRINIC, ili zikibadilisha muuzaji zisibadilishe nyumba nzima, na zithibitishe umiliki huo kwa vyeti vya kidijitali ambavyo majirani wanaweza kuvihakiki. Wauzaji wawili watafutwe kwenye njia mbili zilizo tofauti kweli, na njia ya akiba ijaribiwe kwa makusudi siku ya kazi mhandisi akiwa macho. Na amri yoyote ya kuzuia mawasiliano ya raia iwe ya maandishi, itaje sheria yake na ukomo wake, na itangazwe.

Wapo watakaosema kwamba kuyaweka haya hadharani kutawasaidia wahalifu. Siri ya neno la kuingilia kwenye ruta ni halali na ilindwe kwa nguvu zote. Lakini kanuni ya nani anapendelewa na nani anazuiwa si neno la siri. Ni sheria, na sheria isiyosomeka na wale inaowatawala ndiyo iliyowafikisha Waluguru Matombo.

Vyuo vyetu navyo vina sehemu yao. Tunafundisha uhandisi wa mitandao katika jengo moja na sheria za umma katika jengo jingine, na wanafunzi wa pande hizo mbili hukutana kantini tu. Mwanafunzi wa utawala anayeweza kusoma bajeti anaweza, kwa juma moja la mafunzo, kusoma sera ya ruta yenye kanuni 20 na kuuliza kwa nini ya saba iko juu ya ya nane.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya ofisini, yapo maswali matatu ya kumuuliza mkuu wa kitengo cha TEHAMA kabla wiki hii haijaisha. Data yetu inayokwenda kwa taasisi jirani hapa hapa mkoani inakutana nayo wapi? Muuzaji wetu mkuu akianguka usiku wa leo, kanuni ipi inatupeleka njia ya pili, na ilijaribiwa lini? Na mstari wa mwisho kuandikwa kwenye ruta yetu uliandikwa na nani, kwa idhini ya nani? Majibu yakipatikana, yaandikwe na kuwekwa kwenye jalada. Yasipopatikana, hilo nalo liandikwe, litiwe sahihi na lipelekwe kwenye kikao kijacho cha menejimenti.